Gari Inayokufa Kwenye Mupando wa Alunguli

Ikawaka.

Ndiyo, musomaji, macho yako hayakudanganye. Juma lililopita tulimuacha Ramla ndani ya uwanja wa tribinali, roho mukononi, akitazama Célestin anavyoingiza ufunguo mbele ya mama juji Scholastique. Ile pikap nyeupe ilishakufa mara nyingi mbele ya kila muntu wa Alunguli, hata mbuzi walishaona. Siku hiyo iliwaka mara moja. Haikukohoa wala haikuguna. Ilinguruma kama paka aliyeshiba samaki wa jirani.

Célestin akaizungusha uwanja wote, akaisimamisha mbele ya mama juji, akashuka anapangusa vumbi ambayo haikuwapo.

"Mama juji umejionea. Na leo asubuhi nimeiosha mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa heshima ya tribinali."

Ramla alitamani ardhi ipasuke. Gari ilimufanyia mambo ya mutoto anayelia nyumbani tangu asubuhi, ukimufikisha kwa daktari anaanza kuchekesha nesi.

Kwa wewe uliyetumia gazeti la juma lililopita kufungia samaki, nikukumbushe kidogo. Ramla anauza muchele wa Kibombo. Marehemu baba yake, muzee Hamadi, alimuachia kiwanja pale Alunguli, juu kabisa ya mupando wa kutoka bandarini, unaona muto wote. Ramla akakiuza kwa Djo, akanunua pikap kwa Célestin, mwenye garage kubwa upande wa pili wa muto. Garanti: mwaka muzima. Lakini hata mwezi haukuisha, gari ikaanza kumufia kila ikishuka kwenye bac, kile chombo cha kuvusha magari, na kupanda kwenda nyumbani. Akairudisha. Célestin akabadilisha buji za kuwasha moteri. Ikakufa. Akairudisha, wakabadilisha batri. Ikakufa. Akairudisha, wakabadilisha kufuli ya mulango wa shofere, Mungu njo anajua kwa nini. Safari ya mwisho waliiosha tu.

Djo naye si muntu mubaya. Alimwambia Ramla: ukipata pesa yako kabla sijaweka musingi, chukua kiwanja cha baba yako, mimi nitatafuta kingine. Maneno mazuri. Isipokuwa tangu jana Djo ameanza kumwaga matofali.

"Mama Ramla," juji akasema, "mimi naona gari inatembea."

"Huku inatembea, mama juji. Inafiaka kule. Ngambo. Kwenye mupando wa bac."

Watu wakacheka. Célestin akacheka kuwapita.

"Gari inachagua komini ya kufia, huku hapana, kule ndiyo? Mama juji, kwenye garage yangu tunaijaribu kila mara, inakimbia. Kama kule Alunguli kuna watu wanaifanyia mambo usiku, garanti yangu haina kipengele cha wachawi."

Mama juji akasukuma miwani juu ya pua. Alikuwa mugeni katika muji huu wa Kindu, alihamishwa juzijuzi, na hakuna kitu kilimuchosha kama watu waliofikiri mugeni ni mujinga.

"Sheria haijui wachawi, bwana Célestin. Lakini muto inaujua. Tunavuka."

Ramla akamutazama Célestin ili aone uso ukianguka. Haukuanguka. Célestin alitabasamu, tena polepole, kama muntu aliyesikia wimbo anaoupenda.

Muntu anayepelekwa kwenye aibu yake hatabasamu vile.

*

Kwenye bac lile tabasamu lilipotea. Célestin alishika chuma cha pembeni kwa mikono miwili, macho mbinguni, anahesabu malaika. Mutoto wa Alunguli, na maji alikuwa anayaogopa kama paka.

"Mpaka leo hujajua kuogelea, patron?" Ramla akamuuliza.

"Zamani uliniita baba mudogo."

"Zamani hukuniuzia gari."

Célestin akatazama maji, akarudisha macho juu haraka. "Muzee Hamadi njo alinivushaka wakati wa vita. Ananiambia funga macho, Célestin, fikiria uko kwenye kitanda."

Ni kweli. Wakati wa vita treni ililala, magari yaliliwa, na Alunguli nzima iliishi kwa kusukuma baiskeli. Chumvi, sabuni, mafuta, mizigo mirefu kuliko muntu, kutoka Alunguli mpaka muji wa Kalima, kilima juu ya kilima. Hamadi alikuwa mbele, Célestin nyuma, kijana mwembamba wa macho makubwa. Ramla alikuwa mutoto, lakini sheria ya wasukumaji aliijua mbele ya kujua kusoma, na mpaka leo Alunguli muntu hawezi kuivunja: muzigo ukipanda, kila mwenye mikono mitupu anasukuma, haulizi ni wa nani. Ukishuka, hapana. Muzigo unaoshuka unaua. Hapo mwenye muzigo njo anaweka mukono wa kwanza. Yeye asipoushika, hakuna anayeushika, maana hakuna muntu anayekufa kwa chumvi ya mwingine.

"Baba angekuwa hai," Ramla akasema, "ungemuuzia hii gari?"

Wimbi dogo likapiga ubavu wa bac, Célestin akakumbatia chuma.

Nyuma yao Yannick, fundi wa garage, mwanaume wa ndevu na maneno machache, alikuwa anatazama viatu vyake. Yeye pia muzaliwa wa Alunguli. Mukumbuke.

*

Pale bandarini, shangazi Riziki alikuwa kwenye karai yake ya mandazi, na unga mpaka kwenye nyusi. Mama juji akapanga mambo haraka.

"Bwana Célestin ataendesha. Mimi nitakaa karibu yake. Wewe mama Ramla utangulie na karani, mungojee juu. Sitaki mwenye mashitaka karibu ya gari, watu wasiseme umeikanyagia kitu."

Ramla akapita mbele ya shangazi yake.

"Shangazi, leo njo leo. Niombee."

"Panda, mwanangu. Sisi tuko hapa."

Ramla akafikiri ni dua. Angejua ni ahadi, angerudi mbio akamufunga kamba.

Alifika juu anahema, karani nyuma yake na kartasi zake. Pembeni, ndani ya kiwanja cha baba yake, vijana wa Djo walikuwa wanapanga matofali: tak, tak, tak. Kila tofali ilimugonga kwenye mbavu.

Sasa sikiliza. Kwanza ulikuja muziki.

Rumba, tena ya nguvu, radio imefunguliwa mpaka vioo vinatetemeka. Halafu pua nyeupe ikatokea kwenye kona. Gari ilipita pale inapofiaka siku zote, kwenye lile jiwe lenye chokaa. Haikusimama. Ilipanda taratibu, laini, kama bibi harusi anayeingia ukumbini. Célestin nyuma ya usukani, tabasamu limerudi nyumbani. Mama juji karibu yake, mabega yanacheza kidogo, halafu akakumbuka yeye ni juji, yakatulia.

"Inapanda," karani akasema.

"Naona," Ramla akajibu.

Gari ikafika hatua chache chini yao, ikasimama. Célestin akavuta frein, breki ya mukono. Kama kawaida ya Alunguli, jiwe likatokea likawekwa nyuma ya tairi, hata huoni nani amelileta. Mama juji akashuka, akatengeneza kitambaa chake.

"Mama Ramla. Gari imepanda."

Ramla akaizunguka gari kwa macho. Miezi yote hii, kiwanja cha baba, aibu ya kusukumwa mbele ya watu, na gari imengoja siku ya juji ili ipone.

Célestin akazima radio.

Kimya. Na ndani ya kile kimya, musomaji wangu, kitu kilikuwa kinahema.

Nyuma ya gari kichwa kikainuka. Cha shangazi Riziki, jasho na unga vimefanya mukate kwenye uso. Halafu cha Twaibu, muuza samaki. Halafu wenye pikipiki, wabeba mizigo, mama wa kuuza sombe, majani ya mihogo, bandari yote.

"Umeona, mwanangu?" Riziki akasema, ameshika kiuno, anacheka kwa furaha. "Tungekuacha uaibike mbele ya wakubwa?"

Ramla akaonyesha ile gari kwa kidole.

"Shangazi. Mulisukuma?"

"Sasa tungefanya nini? Imekufa pale pale inapofiaka."

"Shangazi, ilitakiwa ikufe."

Riziki akaangalia gari, akaangalia juji, akaangalia mikono yake. Furaha ikamutoka kidogo kidogo, kama maji kwenye kikapu.

"Sasa wewe," akasema polepole, "jambo kama hilo muntu anatanguliza kusema."

*

"Mama juji," Célestin akaingilia, "huyu ni shangazi yake. Wale wengine wanamukopa mandazi. Watasema chochote."

"Mimi sikusikia moteri ikizima," juji akasema, na alionekana hapendi kusema hivyo.

"Utasikiaje, mama," Riziki akajibu, "na bwana huyu amefungua radio kama sherehe ya harusi?"

"Na ninyi? Watu wakisukuma gari wanapigaka kelele. Hee, haa, moja mbili. Sikusikia hata pumzi."

"Alunguli hatusukumake na kelele."

"Kwa nini?"

Riziki akamuonyesha Célestin kwa kidevu. "Muulize huyo. Wakati wa vita, ukipiga kelele kwenye kilima, waaskari wanasikia, wanakuja kukusaidia kubeba chumvi mpaka kwao. Tulijifunza kusukuma kama wezi. Huyu alikuwa mwenzetu. Alijua tutasukuma, na alijua hutatusikia."

Hapo Ramla akalielewa lile tabasamu la tribinali. Célestin hakuogopa kuvuka sababu ya mupando. Mupando ulikuwa wake. Alikuwa amemuleta juji kwenye wema wa watu wa kwao, na wema ukamufanyia kazi bure.

"Hadithi nzuri," Célestin akasema. "Lakini mama juji hahukumu kwa hadithi. Ushahidi iko wapi?"

Ramla alikuwa ameshashuka, amezunguka gari, amesimama nyuma yake.

"Mama juji. Njoo uone huku."

Mvua ilinyesha asubuhi ile Alunguli, na udongo wa bandari unajulikana: mwekundu kama pilipili, ukikushika haukuachi. Mulango wa nyuma wa pikap nyeupe ulikuwa umejaa mikono. Viganja vikubwa, viganja vidogo, vidole vimefunguka, vingine juu ya vingine. Kimoja hakikuwa na kidole cha shahada, na Twaibu akaficha mukono wake mufukoni, lakini watu wote walishaona.

"Hiyo inaweza kuwa ya juzi," Célestin akasema haraka. "Ya juma lililopita. Gari inasukumwa kila siku huku, sisi tunajua..."

"Inasukumwa kila siku?" juji akauliza.

"Nasema, wanasema inasukumwa."

"Na si wewe uliyeniambia umeiosha leo asubuhi? Kwa mikono yako, kwa heshima ya tribinali?"

Célestin akatoa kitambaa, akaanza kupangusa kioo ambacho kilikuwa safi.

Lakini mama juji hakuwa anamusikiliza tena. Aliinama, miwani karibu kugusa chuma. Katikati ya ile mikono myekundu, mumoja ulikuwa mweusi. Mweusi wa mafuta ya moteri, umejichora mpaka mistari ya kiganja.

"Huyu anauza nini?" akauliza.

Muuza samaki hana mafuta ya moteri. Mama wa mandazi hana. Watu wote wakageuka polepole, kichwa kwa kichwa, mpaka macho yote yakamufikia Yannick, fundi wa garage, aliyesimama mikono nyuma ya mugongo kama mutoto aliyekula sukari.

"Leta mikono, baba," juji akasema.

Akaileta.

"Mama juji, sikufikiri," Yannick akasema. "Nilikuwa natembea nyuma. Gari ikakufa, mikono ikaenda yenyewe. Mimi muzaliwa wa hapa."

"Ikakufa?"

Yannick akamutazama patron wake, halafu mupando.

"Ikakufa. Ndani ya tanki ya mafuta, ule mupira, tuyau ya kunyonya esanse, umekatika chini. Gari ikiwa sawasawa, inanyonya esanse. Ikiinua pua, inanyonya hewa. Nilimwambia patron siku ya kwanza. Akasema, kuifungua tanki ni kazi, badilisha buji kwanza."

Célestin akafunga macho. Labda alifikiria yuko kwenye kitanda.

*

Mama juji akasimama wima. Alunguli yote ikanyamaza, na wale wanajua kunyamaza.

"Bwana Célestin, garanti si ya kuosha gari. Umeuza kitu chenye ugonjwa wa kufichika, tena umeujua. Mwenye kununua iko na njia mbili. Anaweza kukurudishia gari, umurudishie bei yote. Ao anabaki na gari, unamurudishia sehemu ya bei. Kuchagua ni kwake, si kwako. Na kwa kuwa ulijua ukanyamaza, hasara zote alizopata zitakufuata."

"Ao naitengeneza tena," Célestin akasema. "Mara moja tu, mama juji. Garanti inaniruhusu."

"Imekuruhusu mpaka imechoka. Mama Ramla, sema."

Ramla akaitazama ile gari. Sasa tuyau inajulikana. Yannick angeitengeneza, ingebeba muchele, na sehemu ya bei ingerudi mukononi. Alikuwa karibu kusema abaki nayo. Halafu pembeni: tak, tak, tak.

"Narudisha," akasema.

Karani akaandika. Riziki akapiga kigelegele, akakimeza katikati alipopigwa jicho na juji.

"Vizuri. Hukumu nitaisoma rasmi tukivuka. Lakini mpaka hapo muichunge hii gari. Ikikufa kwa ugonjwa wake, hasara ni ya aliyeuza. Ikikufa kwa ajali, hasara ni ya aliyenunua."

"Kwa ajali," Célestin akarudilia.

"Ndiyo."

"Ya aliyenunua."

"Sheria inasema vile."

"Ah," Célestin akasema.

Akatembea mpaka kwenye gari, mikono mufukoni, anapiga mluzi kidogo. "Basi acha niishushe kwenye bac mwenyewe. Mbele ya kuondoka, hii nini? Gari mupya haiwekewe jiwe." Akalipiga jiwe teke. Likabingirika chini ya mupando, kimya, mpaka likaanguka majini.

Alikuwa na nia gani? Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba aliingia, akaacha frein ya mukono, moteri ikawaka, ikanyonya hewa, ikakufa. Na gari ikaanza kurudi nyuma.

Célestin akashika mulango ili aruke.

Ule mulango, musomaji. Wenye kufuli mupya ya garanti.

Ukakataa.

"Breki haishike!" Célestin akapiga kelele nyuma ya kioo. "Mulango haufunguke! Hii gari ni mubovu!"

"Umeandika?" Riziki akamuuliza karani.

"Neno kwa neno."

"Basi iache ikufe. Inakufa kwa ugonjwa wake, mwenyewe amesema."

Ilikuwa inashuka bila haraka, Célestin amekanyaga breki na miguu yote miwili, chuma kinalia. Nyuma yake muto, mupana, umetulia. Watu wa Alunguli wakakimbia pembeni ya gari, huku na huku, mikono imenyooka, karibu kugusa. Hakuna aliyegusa. Twaibu hakugusa. Yannick, machozi machoni, hakugusa. Muzigo unashuka. Wote walikuwa wanamutazama Ramla.

Ramla alikuwa anakimbia nao, viatu amevitupa.

"Shangazi, muzigo ni wa nani sasa? Nimeshaurudisha."

"Mimi najua wapi? Lakini ukiweka mukono wa kwanza, mbele ya juji na Alunguli yote, umesema ni wako, na kiwanja cha baba umekiacha."

Kule juu, ndani ya kiwanja cha Hamadi, matofali yalikuwa yamenyamaza. Djo na vijana wake walikuwa wamesimama kutazama.

Tairi za nyuma zikaingia majini. Nyuma ya kioo uso wa Célestin ulikuwa umebaki macho tu, makubwa, ya yule kijana mwembamba wa baiskeli. Hakusema kama patron, wala hakuita wakili.

"Mwana wa Hamadi," akasema. "Nifunge macho?"

Ramla akatazama mikono yake.

Ilikuwa mitupu, na mwenye mikono mitupu haulizi muzigo ni wa nani.